Paka mpaka upone

Muuzaji wa duka la dawa alikuwa anaongea na simu huku akinihudumia. Nilimweleza kwamba kichwa kinaniwasha mpaka naamka usiku, magamba yamejaa kisogoni na nyuma ya masikio, na shampuu za dukani hazisaidii tena. Akaibana simu kwa bega, akanyoosha mkono rafu ya juu, akanisogezea kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba. Clobetasol 0.05%, ya maji, ya kupaka kichwani.

"Asubuhi na jioni, dada."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka upone."

Akaendelea na simu yake.

Maneno hayo mawili yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Yule dada hakunijibu vibaya. Ndivyo tunavyojibiwa kila siku kwenye madirisha ya maduka ya dawa, na mara nyingi jibu lenyewe linatosha. Kidonda kinapona. Fangasi wa vidole vya miguu wanapona. Ila mba ya aina yangu, yenye magamba ya njano yenye mafuta, inayowasha na kuteremka hadi kwenye nyusi na pembe za pua, haina siku ya kupona. Inatulia, inakaa kimya miezi, halafu hali ya hewa ikibadilika au ukipata mawazo mengi, inarudi. Ukimwambia mtu mwenye tatizo la namna hiyo apake mpaka apone, umempa dawa isiyo na mwisho.

Na hii ndiyo dawa ambayo lazima iwe na mwisho.

## Mashavu ya shangazi

Jina la clobetasol nililijua kabla sijapata mba. Nadhani wanawake wengi wa Dar wameshaliona hata kama hawajawahi kulitamka. Limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye tyubu zinazouzwa karibu na sabuni na losheni za kung'arisha, zile zinazochanganywa kwenye kopo moja na kuwa mkorogo.

Shangazi yangu mmoja alipaka kwa miaka mingi. Alianza kwa ajili ya chunusi, akaipenda rangi iliyokuja, akaendelea. Leo ukikaa naye karibu unaiona mishipa midogo myekundu kwenye mashavu yake, na ngozi ya chini ya macho imekuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Akiacha kupaka siku chache tu, uso unawaka, unavimba, unatoa vipele. Basi anapaka tena. Huo ndio mtego: ngozi ikishaizoea steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho ya jamii ya clobetasol, ukiiacha ghafla inachachamaa, nawe unadhani ugonjwa umerudi kumbe ni matokeo ya dawa yenyewe.

Kisheria mambo yako wazi. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) haviruhusiwi Tanzania. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa zimebaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Lakini tyubu ya dawa ikishatolewa kwenye boksi lake na kupangwa kwenye meza ya vipodozi, mteja ataijuaje?

Kwa hiyo nilifika nyumbani na kichupa changu nikiwa na hofu mbili zinazovutana. Nisipopaka, nitajikuna mpaka nitoke damu. Nikipaka, nikamfikiria shangazi.

Nikafungua boksi, nikatoa ile karatasi ya maelezo ambayo hakuna anayeisoma. Herufi zake ni ndogo kiasi kwamba niliipiga picha kwa simu ndipo nikaikuza. Ilisema dawa isizidi wiki 2 mfululizo. Isizidi mililita 50 kwa wiki. Isiguse macho. Isipakwe usoni, kwapani wala kwenye mapaja ya ndani. Isifunikwe.

Hakuna mahali ilipoandikwa "mpaka upone". Nikakirudisha kichupa kwenye boksi.

## Asilimia zinadanganya

Ukiweka kichupa cha clobetasol 0.05% pembeni ya tyubu ya hydrocortisone 1%, mtu yeyote mwenye akili timamu atadhani ya pili ndiyo kali. Moja ni kubwa kuliko sifuri nukta sifuri tano, hesabu ya darasa la tano hiyo. Lakini asilimia inakwambia dawa kiasi gani imo ndani ya maji au krimu, haikwambii ina nguvu gani ikigusa ngozi. Wamarekani huzipanga steroidi za kupaka kwenye madaraja 7, na daraja la 1 ndilo kali kuliko yote. Clobetasol iko la 1. Hydrocortisone 1% iko la 7, chini kabisa. Katikati kuna nyingi, ikiwemo betamethasone valerate 0.1%, ambayo hapa kwetu ni rahisi kuipata ikiwa ya maji kwa ajili ya kichwa.

Kwa hiyo kwa mba ndogo, ya magamba na muwasho bila vidonda, nilikuwa nimepewa silaha ya ngazi ya juu kabisa.

Sisemi steroidi ni sumu. Hydrocortisone ya kupaka ilianza kujulikana 1952, wakati Marion Sulzberger na Victor Witten wa Marekani walipoonyesha kwamba inatuliza ukurutu, miaka 2 tu baada ya ugunduzi wa cortisone kupewa tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo mgonjwa wa ngozi aliyewashwa usiku kucha alipakwa lami ya makaa ya mawe na kuambiwa avumilie. Sitamani kurudi huko. Ninachotamani ni mtu anayekuuzia akwambie umeshika nini.

## "Siyo mbaya, ila siyo ya kwako"

Nilikwenda kliniki ya ngozi. Niliyemkuta alikuwa amesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwafundisha watabibu wa nchi nyingi za Afrika. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba hawezi kuona kitu kwenye nywele zilizosukwa, nikafumue nirudi. Nilinung'unika, maana nilikuwa nimesuka juzijuzi na msusi hakuwa wa bei ndogo. Nikafumua.

Akanitenga nywele mstari kwa mstari. Akaangalia viwiko, magoti na kucha, kwa sababu magamba manene meupe ya kichwani yanaweza kuwa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, na soriasisi hupenda kujitokeza na huko. Akatafuta sehemu zilizonyonyoka. Akauliza kama nyumbani kuna mtoto mwenye mapunye. Halafu, bila kubadilisha sauti, akauliza mara ya mwisho nimepima VVU lini.

Nilishtuka. Mimi nimekuja na mba!

"Dada yangu, usinielewe vibaya," akasema. Akaeleza kwamba mba ya aina hii huwapata watu wengi wasio na tatizo lolote, lakini ikija ghafla na kwa ukali, ikasambaa usoni na kifuani, inaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kinga iliyoshuka. Anamuuliza kila mtu. Nilimjibu, akaandika, tukaendelea. Ningependa wote waulize hivyo, kwa sauti ileile.

Nikamtolea kichupa changu. Akakigeuza, akasoma, akanirudishia.

"Hii siyo mbaya. Ila siyo ya kwako."

Aliniandikia betamethasone ya maji na shampuu ya ketoconazole 2%. Betamethasone mara moja kwa siku, usiku, kwenye sehemu zinazowasha tu. Muwasho ukitulia, niache. Usipotulia ndani ya wiki 2, niache vilevile, nirudi kwake.

Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Nikiona nafuu naacha, na nisipoona nafuu pia naacha?

"Ndiyo. Kwa vyovyote vile unaacha."

Ndipo kitu kikaniingia akilini. Kichupa hakitibu chanzo. Kinatuliza uvimbe na muwasho, basi. Chanzo chenyewe ni fangasi wadogo wanaoitwa Malassezia, waliopewa jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyewaeleza 1874. Wanaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Hawawezi kujitengenezea mafuta, wanategemea ya kwetu, na mabaki ya mlo wao huchokoza ngozi za baadhi yetu. Steroidi haiwaui. Unaweza kupaka mwaka mzima, wao wapo, wanasubiri. Kazi ya kuwapunguza ni ya shampuu.

## Nywele haziumwi

Nilidhani kupaka dawa ya maji ni jambo la kumwaga na kusugua. Usiku wa kwanza nilikaa mbele ya kioo na kitana cha mkia, kichupa mkononi, nikamwaga juu ya nywele. Dawa ikaishia kwenye nywele, na nywele haziumwi. Kinachoumwa ni ngozi.

Namna inayofanya kazi kwa nywele nzito kama zangu ni hii. Nywele ziwe kavu. Tenga mstari kwa mkia wa kitana mpaka uione ngozi. Gusisha mdomo wa kichupa kwenye ngozi yenyewe, pale penye magamba, bonyeza kidogo, toa tone moja au mawili, papasa kwa ncha ya kidole mpaka lisambae, sogea mstari unaofuata. Sehemu nzima usiache imelowa. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni, hasa kama unavaa lenzi za macho au una mtoto wa kumbeba.

Kwenye kisogo ni rahisi. Tabu iko mbele, karibu na paji la uso, kwa sababu maji hufuata mteremko. Hilo tone linaloteleza si jambo dogo. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima hydrocortisone inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili, wakilinganisha na mkono kati ya kiwiko na kiganja. Ngozi ya kichwa ilipitisha kama mara 3.5. Paji la uso mara 6. Taya mara 13. Yaani dawa uliyokusudia iishie kichwani, ikiteremka shavuni inaingia kwa wingi zaidi kuliko ulivyotaka, na ikifika jichoni mara kwa mara inaweza kuleta presha ya macho. Mimi naweka kitambaa kwenye paji, nainamisha kichwa nyuma, na tone likitoroka nalifuta palepale.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa dirishani: dawa nyingi za maji za kichwani zina spiriti. Zinachoma ukipaka palipochubuka kwa kujikuna, na zinashika moto. Usiku wa pili nilikuwa nimemaliza kupaka, nikatoka kwenda kupuliza jiko la mkaa, mama akapiga kelele kutoka ndani kwamba nanuka kama chumba cha sindano. Nikarudi haraka. Kaa mbali na jiko, mshumaa, sigara na draya ya saluni mpaka kichwa kikauke kabisa.

Na usifunike. Kofia ya plastiki, wigi, au kilemba kilichokazwa juu ya dawa mbichi huongeza kiasi kinachopenya. Nilikuwa na tabia ya kulala na kofia ya nailoni ili nywele zisivurugike. Kwa hizo siku za dawa niliiacha, nikasubiri dawa ikauke, nikalala na kitambaa chepesi.

## Baka

Siku chache baadaye muwasho ulikuwa umekwisha. Nakumbuka nililala usiku mzima, nikaamka nikashangaa kwamba ni asubuhi.

Halafu nikaona baka.

Lilikuwa pembeni mwa paji, pale nywele zinapoanzia, limekolea weupe kuliko ngozi yangu. Moyo ulinidunda. Shangazi! Nikajiona miaka kumi mbele nikiwa na mashavu yale. Nikakifunga kichupa, nikakaa kitandani.

Kilichonituliza ni simu. Nilianza kutafuta picha za zamani nikivuta karibu pembe ya paji langu, zoezi la ajabu kidogo mtu akikufuma nalo. Kwenye picha ya harusi ya binamu mmoja wa familia, kabla sijawahi kugusa dawa yoyote, baka lilikuwapo, nimelipaka poda juu, na pembeni yake vumbi la magamba.

Mtaalamu alinithibitishia niliporudi. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kwa wekundu kama vitabu vya Ulaya vinavyoonyesha. Unajitokeza kama mabaka yaliyofifia rangi, na magamba yakitulia ndipo unayaona vizuri. Rangi hurudi polepole, kwa wiki nyingi. Lakini hakuniachia niondoke na furaha tupu: steroidi nayo inaweza kufifisha rangi, kwa hiyo lazima niangalie. Weupe mpya unaofuata njia dawa iliyopita, ngozi inayong'aa na kukunjamana, mishipa midogo inayoanza kuonekana, vipele vya usaha kwenye vinyweleo, hayo ni ya dawa na dawa inasimama siku hiyohiyo.

Ninapiga picha sasa, kila mwezi, dirishani, mwanga uleule. Macho yangu pekee siyaamini.

## Kichupa si cha ukoo

Habari zikasambaa kwamba nimepona. Wifi akapiga simu.

"Wifi, ile dawa yako imebaki? Mtoto ana mba, kichwa kimejaa."

Nikamwomba anitumie picha. Mtoto ana miaka saba, yuko shule, na kichwani alikuwa na mabaka mawili ya duara, nywele zimekatika karibu na ngozi zimebaki vitone vyeusi. Sihitaji kuwa daktari kuyajua mapunye. Tuliosoma shule za msingi za hapa tumeyaona kwenye kila dawati.

Steroidi kwenye mapunye ni balaa la kimyakimya. Muwasho unapungua, mzazi anafurahi, na fangasi wanaendelea kutambaa kwa raha kwa kuwa mwili umenyamazishwa. Baada ya muda hata daktari anashindwa kuyatambua kwa macho. Tiba yake ni vidonge, kama griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa sababu fangasi hao wameingia ndani ya unywele ambako dawa ya kupaka haifiki. Na watoto wenyewe ngozi zao hupitisha steroidi kwa urahisi kuliko sisi.

Nilimkatalia. Hakufurahi. Alisema nimekuwa mchoyo, mafuta yangu ya nazi nagawa lakini dawa nabania. Tulikaa wiki nzima tukisalimiana kwa kifupi kwenye kundi la familia, mpaka alipompeleka mtoto kituo cha afya akaandikiwa vidonge. Hajaniomba radhi, nami sijadai. Mambo ya mawifi yanajulikana.

## Ninachoishi nacho sasa

Hayo mafuta ya nazi ndiyo yamenishinda kuliko dawa. Nimekua nikipakwa na bibi, jioni, nimekaa katikati ya magoti yake, na mba ikionekana jibu lilikuwa kuongeza mafuta. Kumbe kwa kichwa kama changu kuyajaza mafuta kwenye ngozi ni kuwaandalia fangasi chakula. Sasa napaka kwenye nywele tu, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ngozi naiacha. Mafuta ya nyonyo nayo vivyo hivyo. Mama anaona nimeanza uzungu.

Shampuu ya ketoconazole naitumia mara moja kwa wiki. Maelezo ya boksi yanasema mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4 za mwanzo, kisha mara moja kila wiki moja au mbili, lakini nywele zetu hukauka na kukatika zikioshwa sana, na mtaalamu alikubali nianze na mara moja. Naipaka kwenye ngozi, nasubiri dakika 5 nikiimba bafuni, nasuuza, kisha kondishena kwenye nywele. Nikisuka nachagua mistari mikubwa ili mkono ufike, na sikai na msuko mmoja mpaka nywele mpya ziote chini yake.

Betamethasone iko kabatini, imeandikwa kwa kalamu tarehe niliyofungua na tarehe niliyoacha. Mwezi huu joto limepanda na kisogo kimeanza kunitekenya tena. Nimeanza na shampuu, mara 2 kwa wiki safari hii. Isipotosha, nitapiga simu kliniki kwanza, nipewe tarehe mpya ya kuacha kabla sijatoa tone la kwanza.